Lebo zangu nachapisha Kariakoo: nendeni, ila mjue wa kuongea naye

Kila nikiweka picha ya makopo yangu ya siagi ya karanga, swali la kwanza haliwi la karanga. Ni "dada, lebo unachapa wapi?" Leo nawajibu wote kwa pamoja, tena kwa kirefu, maana hilo duka nikikwambia "nenda" halafu nikanyamaza, utarudi unanilaani. Jina lake silitaji hapa, kwa sababu nina ya kusifia na nina ya kulalamikia, na bosi wao tunaheshimiana.

Ni Kariakoo, Dar es Salaam, chini ya ghorofa, mitaa ya nyuma ya Msimbazi. Ukiingia unakuta kaunta na benchi la wateja. Pembeni wamekaa vijana wa dizaini na kompyuta zao, na nyuma ya pazia la plastiki ndiko ziliko mashine. Huo mpangilio ushikeni, kwa sababu ubora wa kazi utakayopata unategemea imeharibiwa au imetengenezwa upande gani. Nyuma wanaijua kazi kwelikweli. Dizaini ni bahati yako. Kaunta ni maneno matamu tu.

Tuanze nyuma. Yupo mzee wa mashine, wateja wote tunamwita Fundi. Lebo yangu ina urefu wa sentimita 18 na upana wa 6, inazunguka kopo la gramu 400. Kijana wa dizaini alikuwa amezipanga zimesimama kwenye karatasi ya A3 iliyolazwa, zikaingia 6. Fundi akaichukua ile sampuli, akatoa rula ya chuma mfukoni, akapima, akasema "hizi zilale." Zikilala zinakaa mbili kwa mbili mistari minne, jumla 8, na ile nafasi ya milimita 3 ya kisu kila upande bado ipo. Pigeni hesabu wenyewe. Lebo 1,000 zikiwa 6 kwa karatasi ni karatasi 167. Zikiwa 8 ni 125. Mimi karatasi moja ya stika ya plastiki pamoja na laminesheni, ule utando wa plastiki wa juu, walinitoza shilingi 3,500, kwa hiyo hapo zimeokoka 147,000. Na angenyamaza, ni duka lake ndilo lingeingiza hiyo hela.

Halafu akaniuliza kitu ambacho kaunta hawajawahi kuniuliza hata siku moja: "Ndani ya kopo kuna nini?" Nikamwambia karanga. Akafungua kopo nililokwenda nalo kwa ajili ya vipimo, akachovya kidole kwenye yale mafuta yanayoelea juu, akapaka kwenye ukingo wa stika ya karatasi na kwenye ukingo wa ile ya plastiki, akaziweka mezani tukaendelea na mengine. Tulipozirudia, ya karatasi ilikuwa na doa linalopitisha mwanga na linazidi kutambaa kuelekea kwenye maandishi. Ya plastiki alipangusa kwa kitambaa, basi. Wenzangu wa siagi ya karanga, achari, asali, mafuta ya nazi: msikubali stika ya karatasi hata wakikuambia ni nusu bei. Itapendeza siku ya kubandika, na dukani kwa watu itakuaibisha.

Sasa dizaini. Hapa ndipo palipoumana.

Bidhaa zangu zina barikodi, ile namba yake inayoanza na 620 tunayopewa na GS1 Tanzania, wale wanaogawa namba za barikodi, kwa sababu bila hiyo supamaketi hawakusikilizi. Nilipoletewa sampuli ya kukagua, mistari ilikuwa myeusi, mandhari meupe. Nikasaini. Baada ya mimi kuondoka, kijana akaona ule weusi unaharibu mvuto, akaugeuza kuwa wa kahawia wenye wekundu ndani yake, ufanane na karanga, na pale peupe akapaka krimu. Kwa macho, jamani, ilipendeza. Nikabandika, nikapeleka katoni supamaketi. Dada wa mapokezi ya mizigo akaelekeza mashine yake kwenye kopo: kimya. Kopo jingine: kimya. Akajaribu kulilaza, akajaribu kulisogeza mbali, akaniangalia, akarudisha katoni upande wangu wa meza.

Nilirudi Kariakoo na moto. Kijana akatoa simu yake, akaelekeza kamera kwenye kopo, ikasoma mara moja. "Mbona inasoma, dada?" Na kweli ilisoma, ndiyo maana nilikosa la kusema mpaka Fundi alipotoka nyuma akifuta mikono. Akaeleza kwamba mashine nyingi za kaunta za supamaketi zinasoma kwa mwanga mwekundu. Mstari wenye wekundu mwingi unaurudisha ule mwanga karibu sawa na karatasi iliyo nyuma yake, kwa hiyo mashine inaona ukurasa mtupu. Simu inapiga picha ya kawaida, yenyewe inaona rangi zote. Akaongeza kwamba mistari hiyo iwe ya wino mweusi peke yake, isiwe mweusi wa kuchanganya rangi zote nne, kwa sababu rangi moja ikisogea kidogo tu kwenye mashine, kingo za mistari zinapata ukungu na usomaji unasumbua tena.

Yote hayo kijana wa dizaini alikuwa anayasikia kwa mara ya kwanza, na wanakaa chumba kimoja, pazia tu katikati.

Bosi alishuka. Alinisikiliza bila kunikatiza, hilo nampa. Walichapa upya bila kunidai kazi ya mikono, ila stika yenyewe nililipia mimi. Hapo bado sijaridhika. Kilichosainiwa kilikuwa cheusi, karatasi niliyosaini wanayo kwenye faili lao, na aliyebadilisha ni wao. Duka linalojiheshimu linabeba hasara hiyo yote. Na kubandua lebo zenye laminesheni kutoka kwenye makopo yaliyojaa, msiombe.

Tangu hapo sisaini tu sampuli yoyote ninayoletewa. Nasubiri karatasi moja ichapwe kwenye mashine ileile na stika ileile, nasaini juu yake, naandika "isibadilishwe chochote", naipiga picha. Wananicheka lakini wananichapia. Na hiyo karatasi moja inasaidia pia kwenye rangi, maana chungwa linalowaka kwenye simu yako likifika kwenye wino linapoa. Skrini inatengeneza rangi kwa mwanga, mashine inatengeneza kwa wino, hazitalingana hata umgombeze nani.

Jingine la upande wa dizaini: watakuambia "tuma watsapu." Ukituma kama picha, watsapu inaibana, na nembo yako itatoka na vijiraba pembeni. Tuma kama dokyumenti, na iwe PDF. Hawatakuambia. Flashi msipeleke kabisa, zile kompyuta zimepokea flashi za Kariakoo nzima na yako itarudi na virusi.

Kaunta sina mengi. Binti ni mpole, anakukaribisha vizuri, soda ikiwepo unapewa, risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, anatoa bila kuvutana, na hilo si dogo. Tatizo ni tarehe. "Mzigo upo kwenye kukatwa" maana yake haujaanza kuchapwa. "Njoo mchana" maana yake umeme ulikatika. Mimi nikitaka mzigo Ijumaa nawaambia Jumanne, na siku ya Jumatano napiga simu, siipigi kaunta, naipiga kwa Fundi. Malipo ya awali wanataka nusu. Toeni nusu hiyohiyo, msimalizie mpaka mmefungua boksi mkahesabu, kwa sababu ukishamaliza deni unahamia mwisho wa foleni.

Mabango yao ndiyo sitaki hata kuyasikia. Nilichapisha moja la maonyesho ya Sabasaba, la kufunga mbele ya banda. Rangi nzuri, maandishi yamesomeka toka mbali. Lakini ukingo haukukunjwa, vile vitundu vya kamba vikapigwa kwenye tabaka moja tu la plastiki, na upepo wa viwanja vya Barabara ya Kilwa mnaujua. Kona ya juu ilichanika siku ya ufunguzi, nikashinda nimeifunga na kamba ya katani. Nilipouliza baadaye nikagundua hawana hata mashine ya mabango. Wanapeleka kwa jirani wa mtaa wa pili, wanaweka cha juu, wanakurudishia. Nendeni kwa huyo jirani moja kwa moja, na mwambieni akunje ukingo kabla ya kutoboa.

Vipindi vya kukwepa: Novemba na Desemba, kila kampuni inataka kalenda na shajara, na mteja wa lebo 1,000 hana thamani mbele ya mteja wa kalenda 5,000. Mwaka wa uchaguzi hali ni hiyohiyo, fulana na mabango ya wagombea yanakula mashine zote za mtaa. Mimi nilichapisha akiba mapema nikakaa kimya.

Kwa hiyo bado nachapa hapo? Ndiyo, lebo. Nimejaribu kwingine kwa bei nafuu, rangi ikawa inatofautiana kopo na kopo, na hakuna aliyeniuliza ndani kuna nini. Kadi za harusi siwezi kuwasemea vizuri. Za mdogo wangu zilitoka safi, karatasi nzito ya gramu 300, mkunjo umenyooka, lakini za "single", za mtu mmoja, zilikuja nyingi kuliko tulizoagiza na za "double", za watu wawili, zikapungua, kamati ikabaki inaandika kwa kalamu. Vitabu vya risiti sijawahi. Jirani yangu wa duka la vifaa vya ujenzi anachapisha hapo vya nakala tatu, anasema namba hazirukani na nakala ya tatu inasomeka. Huyo ni mgumu kusifia kitu, kwa hiyo namwamini.