Boksi la giallo la Wataliano, nimelimaliza lote (uzoefu wangu)

Haya, wale mlioniuliza lile boksi langu la DVD za giallo, zile picha za Kitaliano za wauaji, linafaa ama halifai, nakaa chini niandike mara moja manake kila mtu nikimuelezea kivyake nachoka. Nimekaa nalo miezi miwili, nimetazama zote, zengine mara tatu.

Nilivyolipata: karibu na ninapokaa hapa Malindi kulikuwa na mzee Mtaliano anarudi kwao, akawa anauza vitu vyote, friji, godoro, jenereta, na kwenye kona kuna boksi la njano limejaa DVD. Nikamuuliza hizi za nini, akacheka, akasema "gialli" halafu akapitisha kidole shingoni. Alitaka elfu tatu, nikamwambia mzee wangu huku nani atakununulia hizi, akaniachia kwa elfu mbili na deki juu. DVD tisa. Mimi Kitaliano nakisikia, nimefanya uweita hotelini miaka saba, si cha darasani, ni kile cha kuulizia mtu anataka wali ama pasta, lakini maneno ya picha nayapata vizuri tu.

Giallo kwa Kitaliano ni njano, basi. Kuanzia 1929 kampuni ya Mondadori ilikuwa inatoa vitabu vya upelelezi vyenye jalada la njano, watu wakazoea kuita hadithi yoyote ya upelelezi "njano". Lakini nje ya Italia ukisema giallo mtu anajua ni zile picha za miaka ya 60 na 70, muuaji humuoni sura, unaona mikono tu, glavu nyeusi za ngozi, koti, kofia, wembe unameremeta, na kila mtu kwenye picha unamshuku mpaka paka wa nyumbani.

Nilianza na L'uccello dalle piume di cristallo (ndege mwenye manyoya ya kioo) ya 1970, picha ya kwanza ya Dario Argento, na jamaa alikuwa hata miaka 30 hajafika. Sikilizeni hii sini. Mmarekani mmoja mwandishi yuko Roma, usiku anapita nje ya jumba la sanaa, mbele ni vioo vitupu, anaona ndani mwanamke na mtu wa koti jeusi wanapigania kisu. Anakimbia kusaidia. Anaingia mlango wa kwanza wa kioo, wa pili haufunguki, akigeuka ule aliopitia nao ushajifunga. Kakwama katikati kama samaki ndani ya chupa. Yule mama anatambaa sakafuni anavuja damu, anamnyooshea mkono, na jamaa anapiga kioo kwa ngumi na hakuna sauti inayopita, mtu anapita barabarani nae hasikii, wanaonyeshana ishara tu kama mabubu. Na taa zinawaka kweupe pee. Mimi picha za kutisha nimezoea giza, mlango unalia kwiii, paka anaruka, sasa hii unaona kila kitu na huwezi kufanya kitu, hiyo ndio iliyonibana kifua.

Halafu picha nzima jamaa anakuambia kuna kitu nilikiona pale, hakiko sawa, lakini sikijui ni kipi. Na wewe ulikiona vilevile! Ndio utamu wa hizi picha kwangu, hawakufichi. Wanakuonyesha halafu wanangoja uone kama una macho.

Ile iliyonimaliza kabisa ni Profondo rosso ya 1975, ya Argento huyo huyo. Staringi ni mpiga piano Muingereza, David Hemmings, anaona mama mmoja anauawa dirishani, anapanda mbio mpaka kule juu, anapita kwenye korido imejaa michoro ya sura za watu, ya kutisha kidogo. Baadae anasema kuna mchoro mmoja haupo tena. Sasa mimi na binamu yangu tulikuwa tushawekeana dau la soda, nikamwambia hii mimi siachwi, nitaikamata, nimeshajua janja ya huyu mzee. Nikakodoa macho. Picha ikafika mwisho, nikaambiwa ilikuwa ni nini, nikarudisha nyuma kwa rimoti nikasimamisha pale koridoni, na wallahi kiko pale. Kizima. Kimepita mbele ya macho yangu mimi natafuna muhogo. Sitasema ni nini, ukiambiwa umeibiwa elfu mbili yako. Soda nilinunua.

Na hiyo mikono ya glavu unayoiona mle inafanya mambo ni mikono ya Argento mwenyewe. Director mzima anavaa glavu anachinja watu wake. Muziki ni wa bendi ya Goblin, vijana wa roki, ule mdundo ukiingia unajua kuna mtu hafiki asubuhi, binamu ameufanya mlio wa simu na mamake keshamkanya. Kwa upande wa muziki siwezi kuwapunguzia hata nukta moja, kwenye ile ya kwanza ni Ennio Morricone, sauti za kike zinaimba la la la kama za kubembeleza mtoto halafu zinageuka kuwa pumzi za mtu anaehema.

Ya zamani zaidi kwenye boksi ni Sei donne per l'assassino ya Mario Bava, 1964, wanamitindo wa nyumba moja ya mavazi wanauawa mmoja baada ya mwengine, kisa shajara. Bava alikuwa mpiga kamera kabla hajawa director na inajulikana. Kuna mahali binti yuko ndani ya duka la vitu vya kale usiku, na taa ya kijani inawaka inazimika inawaka inazimika, kona nyengine zambarau, nyuma nyekundu. Nani kafunga taa za disko kwenye duka la makochi ya zamani? Hakuna anaejali, na wewe baada ya dakika mbili hujali. Lakini hadithi yenyewe, uwongo mbaya, ukiniuliza leo nani ni nani siwezi kukuambia.

Sasa tuje kwenye madhambi, na yako mengi.

Sauti kwanza. Wataliano zama hizo walikuwa wanapiga picha, sauti wanabandika baadae studio, kwa hiyo Muingereza anasema Kiingereza chake, Mtaliano chake, Mjerumani chake, halafu wote wanawekewa midomo mipya. Mdomo unafunga sentensi bado inaendelea. Sisi huku tumelelewa na DJ Afro, yule msimulizi wa picha, kuongea juu ya sauti ya picha kwa hiyo mimi haikunisumbua sana, na DJ Afro angalau anachekesha, lakini mtu ambaye hajazoea atachoka. Na kwenye Profondo rosso kuna balaa nyengine, toleo refu linapita saa mbili, lakini la Kiingereza lilikatwa dakika kama 20, zile dakika hazina sauti ya Kiingereza, kwa hiyo ukiweka Kiingereza watu wako katikati ya mazungumzo ghafla wanaruka Kitaliano, wanarudi, wanaruka tena. Binamu yangu alidhani nimekalia rimoti. Weka Kitaliano na sabtaito tangu mwanzo uishi kwa amani.

Pili, akili. Polisi wa giallo ni wa kunywa kahawa tu, upelelezi anafanya mpiga piano. Na sababu ya muuaji unaelezwa dakika tano za mwisho, ati aliona kitu utotoni. Kuna moja, 4 mosche di velluto grigio ya 1971, polisi wanachukua jicho la maiti wanalipiga miale ya leza ili waone kitu cha mwisho alichokiona marehemu, na kinaonekana! Kwenye ukuta kama slaidi! Nilicheka mpaka jirani akagonga. Halafu usiniambie kuhusu majina, ile ya ndege ilipouza kila mtu akakimbilia mnyama, kuna ya paka, ya nzi, ya mjusi, ya buibui, kuna mpaka ya iguana, kama kenge, mwenye ulimi wa moto, na mara nyingi huyo mnyama mwenyewe hana kazi yoyote kwenye picha. Na chupa za wiski ya J&B. Kila nyumba, kila ofisi, mtu akiingia anamiminiwa J&B na lebo imegeuzwa kwenye kamera, mimi sinywi lakini tulikuwa tunazihesabu, ni mchezo mzuri kuliko kumtafuta muuaji.

La tatu ndio zito. Mwanamume kwenye hizi picha akifa anakufa haraka, chap, kamera inaondoka. Mwanamke anakufa polepole, nguo imepasuka, taa nzuri, muziki mzuri. Mwanzoni huoni, manake umetekwa na rangi. Lakini mimi si nimesema hizi picha zinakufundisha kurudisha nyuma uangalie vizuri? Basi nikarudisha nyuma nikaangalia vizuri, na nilichokiona ni kwamba kamera inafurahia. Torso ya Sergio Martino ya 1973 ni mfano, nusu ya kwanza ni wasichana wa chuo wanavuliwa na kuuawa, sina la kuitetea. Halafu nusu saa ya mwisho binti mmoja kaumia mguu, kabaki peke yake na muuaji ndani ya nyumba na muuaji hajui kama yupo, karibu hakuna maneno, anaziba mdomo wake kwa mkono, na hiyo nusu saa ni moja ya vitu bora nimeviona maisha yangu. Sasa disku moja hiyo hiyo, utafanyaje, utaikata nusu?

Ndipo nikafika kwenye Non si sevizia un paperino, Lucio Fulci, 1972. Hii haina mji mkubwa wala wanamitindo. Ni kijiji cha kusini mwa Italia, milima mikavu, watoto wa kiume wanauawa, kijiji kinatafuta wa kumlaumu. Kuna mwanamke anaishi peke yake, wanamuita mchawi. Polisi wanamkamata, wanaona hana hatia, wanamuachia. Wanaume wa kijiji wanamngojea makaburini wamebeba minyororo. Redio inapiga wimbo wa mapenzi wa Ornella Vanoni, mtamu kabisa, na wanampiga. Hakuna taa ya kijani hapa, ni jua la mchana. Anatambaa mpaka barabara kuu, magari ya watu wanaokwenda likizo yanapita, watoto viti vya nyuma, wanaangalia, hakuna gari linalosimama.

Mimi niko Kilifi kaunti. Wale wa huku mnajua ninachosema. Wazee wetu wanaitwa wachawi kwa sababu ya mvi tu, mwengine kwa sababu ana shamba, na wanakatwa usiku majumbani mwao. Bibi yangu alikuwa amekaa nyuma yangu anachambua mchele, hasikii Kitaliano hata neno moja, akauliza, "Huyo mama kafanya nini?" Nikamwambia, "Wanasema ni mchawi, bibi." Hakusema kitu. Akachukua ungo wake akaingia ndani, mchele bado haujaisha.

Nikazima. Nimeimalizia siku ya pili peke yangu, na ni picha nzuri, pengine nzuri kuliko zote kwenye boksi, manake ndio peke yake ambayo kufa kunauma badala ya kupendeza. Lakini siku hiyo sikuitaka.

Ya mwisho mwisho: picha zenyewe nazipa saba na nusu kwa kumi, boksi kama boksi ni sita, DVD mbili zimekwaruzika, moja inaganda kila ikifika dakika ya arobaini lazima uitoe uifute na kitambaa, sabtaito za Kiingereza ziko kwenye tano tu kwa hiyo kama Kitaliano huna utabaki kuangalia rangi. Ukianza anza na ile ya ndege, kisha Profondo rosso, zengine vyovyote. Usianze na Torso ukiwa na wageni.

Siuzi, msinipigie. Kuazima sawa, mmoja mmoja, na aliye na Profondo rosso yangu anajijua, wiki ya tatu hii. Ile ya Fulci nakupa, lakini utatazamia kwako.