Kikao cha maoni kuhusu mtambo wa umeme: nyota mbili kwa tano

Mimi ni mama karanga. Nangoja mashua ufuoni, nanunua samaki, nakaanga na kuuza, na sitoi pesa kabla sijamtazama samaki machoni. Kaunti yetu hapa pwani ya Kenya ilipoita kikao cha kushirikisha umma kuhusu mtambo wa umeme wa gesi, unaotakiwa kujengwa pale pale wavuvi wetu wanapotia nanga, nilikwenda na jicho hilo hilo. Huduma yenyewe ni ya bure. Bure kwa maneno tu, maana siku hiyo karai langu halikupanda jikoni.

Kwanza saa yenyewe. Tangazo lilibandikwa mlangoni kwa msimamizi wa wadi siku mbili kabla. Kanuni za mwaka 2003 za tathmini ya mazingira zinataka taarifa itoke angalau wiki moja kabla, mikutano na waathiriwa isipungue mitatu, na mahali na saa viwafae watu. Sisi tulipewa mkutano mmoja, saa nne asubuhi, tena wiki ya bamvua, bahari inapojaa na kupwa kupita siku nyingine! Aliyekulia pwani hahitaji kuelezwa. Bamvua, saa nne, maji yamekupwa mwamba uko nje, na wanawake wanaovua pweza wote wako huko na vijiti vyao. Hao ndio waliokuwa na la kusema. Viti vilijazwa na vijana waliosikia kuna ajira, na wazee wa mtaa.

Hema sina la kulilaumu. Kubwa, kivuli safi, vipaza sauti havikukoroma hata mara moja. Pilau ilifika saa saba na nyama haikuwa ya kutafuta kwa tochi. Nyota ya kwanza naitoa hapo.

Maelezo ya mradi ndiyo yaliyonishinda. Mtaalamu alizungumza Kiingereza nusu saa nzima akionyesha picha, na mfasiri akitufupishia. Palikuwa na mahali mtaalamu alisema kama dakika tano, mfasiri akageuka: "Anasema mazingira yatatunzwa." Watu wakacheka, naye akacheka pia, maskini. Ripoti kamili ilikuwa nakala moja, zaidi ya kurasa mia nne, haitoki ofisini. Binti wa dada yangu, aliye chuo, alikuwa ameipiga picha sura ya maji kwa simu, tukaisoma usiku wa kuamkia kikao. Mtambo utavuta maji ya bahari kupoza mashine, kisha utayarudisha yakiwa na joto. Kumbe wanalijua. Katika picha zote za pale hemani halikuwemo.

Nilipewa dakika mbili. Nikauliza maji hayo yakirudi yatazidi bahari kwa joto kiasi gani, na yatatokea upande gani, kwa sababu samaki wadogo aina ya tasi wanakulia kwenye nyasi za bahari za pale pale. Afisa akanijibu kwa heshima zote: "Mama, hilo ni swali la kitaalamu, utajibiwa kwa maandishi." Nikamwambia haya mwanangu, nikamwandikia anwani. Mpaka leo.

Sasa daftari. Hili lisome polepole kama na kwenu kunakuja kikao. Ukiingia unaandika jina, nambari ya kitambulisho, simu na sahihi. Ukitoka unatia sahihi tena upewe shilingi mia tano za nauli. Juu ya karatasi paliandikwa "Mahudhurio", basi. Kumbukumbu za kikao nilizipata baada ya kwenda ofisini mara nne, na karatasi zile zile zimebanwa nyuma ya ukurasa unaosema wakazi waliohudhuria "waliunga mkono mradi". Mimi ni nambari 87. Na swali langu limo, limeandikwa hivi: "Mkazi mmoja wa kike aliuliza kuhusu nafasi za wanawake wachuuzi." Nimelirudia mara tatu nikitafuta maji ya moto. Kwa karatasi hizo, kamati ya kaunti ikapitisha.

Msinione nalia na kalamu tu. Lamu nako ulipangwa kujengwa mtambo wa umeme wa makaa ya mawe, megawati 1,050, uliopewa leseni mwaka 2016. Juni 2019 jopo la kitaifa la rufaa za mazingira likaifuta, na moja ya sababu ni hii hii: mikutano ilifanywa mapema, na ripoti ilipokamilika watu hawakushirikishwa inavyotakiwa. Kwa hiyo kikao kibovu hurudishwa dukani, lakini uwe na risiti.

Risiti nimeipata kaunta nyingine, na hapa ndipo ilipotoka nyota ya pili. Ukipeleka maoni kwa maandishi, peleka nakala mbili na umwombe karani akugongee muhuri wa kupokelewa kwenye yako, pamoja na tarehe. Yule dada hakuniuliza kabila wala chama. Akagonga, akapuliza wino ukauke, akanirudishia. Dakika sita. Kesho yake niliwapeleka wanawake wa pweza, wengine barua zao zimeandikwa na watoto wa shule, na wote wakagongewa.

Leseni ilitoka hata hivyo. Sheria inatoa siku 60 za kukata rufaa, na wakili tumempata. Barua zote ziko kwangu ndani ya ndoo ya mafuta yenye kifuniko zisilowe, na siku zilizobaki ni kumi na tisa.