Uzoefu wangu: kusoma uzamili wa ufuatiliaji wa ubora wa maji baridi kwa njia ya mtandao

Wenzangu wa maabara za maji na ofisi za mabonde wamekuwa wakiniuliza kama masomo haya yanafaa. Jibu langu ni ndiyo, kwa sharti moja: uwe tayari una mto, ziwa au visima unavyovifanyia kazi. Ukiwa navyo, kila wiki ya masomo ina mahali pa kwenda. Usipokuwa navyo, utabaki na maelezo mazuri yasiyo na pa kushika.

Nilisoma stashahada ya uzamili ya ufuatiliaji na tathmini ya ubora wa maji baridi, yaani maji yasiyo ya chumvi, ya University College Cork, Ireland. Hapo ndipo kilipo kituo cha kujenga uwezo cha GEMS/Water, mpango wa UNEP (shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa) ulioanza mwaka 1978 kukusanya takwimu za ubora wa mito, maziwa na maji ya ardhini duniani kote. Masomo ni ya mtandaoni na yamepangwa kwa ajili ya mtu aliye kazini. Sikuhama Mwanza wala sikuomba likizo ya masomo.

Anayetafuta kufundishwa kushika mashine asiende huko, maana maabara unayo wewe mwenyewe kazini kwako. Kinachofundishwa ni kitu ambacho maabara nyingi za kwetu hazina muda nacho: kuuliza kwa nini unachota maji kabla hujachota. Je, unataka kujua mwelekeo wa miaka 10? Unamtafuta anayechafua? Au unataka kujua kama maji yanafaa kwa samaki? Maswali hayo matatu yanataka vituo tofauti, ratiba tofauti na hata vipimo tofauti. Ukiyachanganya katika ratiba moja, utajaza kabati kwa fomu zisizojibu swali lolote.

Chukua Mto Mirongo, unaokatiza jiji la Mwanza na kumwaga ziwani. Mchana wenye jua, mwani na mimea ya majini hutoa oksijeni. Usiku mwanga hakuna, lakini kila kiumbe kinaendelea kuitumia, kwa hiyo alfajiri kiwango huwa kimeshuka. Ukipima saa mbili asubuhi mwezi huu, na mwezi ujao gari likachelewa ukapima saa tisa alasiri, unaweza kuandika kwenye ripoti kwamba mto umepata nafuu kumbe ni saa tu iliyobadilika. Baada ya moduli ya kupanga ufuatiliaji nilichukua ratiba yetu ya kazini nikaipitia mstari kwa mstari. Sasa kila kituo kina saa yake, na saa ikikosewa inaandikwa.

Kuhusu oksijeni hiyo hiyo, kuna jambo ninalotamani kila fundi wa Kanda ya Ziwa alijue. Kwa joto la nyuzi 25, maji yaliyoshiba oksijeni usawa wa bahari yana takriban miligramu 8.3 kwa lita. Sisi tuko karibu mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi zaidi, na maji yale yale yakishiba huwa na kama miligramu 7.2 tu. Ukisahihisha kifaa chako bila kukiambia mwinuko au kanieneo ya hewa, usomaji wako unaweza kwenda kombo siku nzima na usijue. Na ukichukua kiwango kilichowekwa kwa miligramu huko pwani ukauhukumu nacho mto wa Kanda ya Ziwa, utakuwa unauonea. Ndiyo maana asilimia ya kushiba husema zaidi kuliko miligramu peke yake.

Moduli iliyonigusa kuliko zote ni ya uhakiki wa ubora wa takwimu. Jina lake halivutii, najua. Lakini hebu fikiria chupa ya sampuli ya fosfeti, yaani fosforasi iliyoyeyuka majini, iliyooshwa kwa sabuni ya kawaida. Baadhi ya sabuni zina fosfeti ndani yake, na kipimo chenyewe kinatafuta sehemu ndogo sana za miligramu. Chupa inatakiwa isuuzwe kwa asidi, kisha kwa maji yaliyokenekwa mara kadhaa. Utajuaje kwamba imefanyika sawasawa? Unachukua chupa moja ya maji yaliyokenekwa, unakwenda nayo mtoni pamoja na nyingine, unaifungua pale pale kituoni, unaipitisha kwenye chujio lile lile la mikromita 0.45, unaiweka kwenye boksi la barafu na kuipima kama zile nyingine. Unapoongeza kemikali za kipimo, rangi ya buluu ndiyo dalili ya fosfeti. Chupa hii haitakiwi kugeuka. Ikipata ubuluu, hata hafifu kiasi gani, jua uchafu umeingia mahali fulani, iwe kwenye chupa, chujio, kituoni au maabara, na matokeo yote ya siku hiyo yana shaka. Ni kazi ya chupa moja tu. Ningependa kuona kila ripoti ya ubora wa maji nchini inaonyesha matokeo ya chupa hiyo.

Hesabu hazikuwa ngumu kama wengi wanavyohofia. Ukiweza kuzidisha na kuelewa wastani na namba ya kati, utafika. Nitoe mfano mmoja. Mto wenye fosforasi miligramu 0.5 kwa lita, unaopitisha mita za ujazo 2 kwa sekunde, unapeleka gramu 1 ya fosforasi kila sekunde, yaani zaidi ya kilo 86 kwa siku. Miligramu 0.5 haimshtui mtu kikaoni. Kilo 86 zinazoingia ziwani kila siku, na ziwa lenyewe ndilo hili tunalopambana nalo kwa mwani na magugu maji, zinamfanya mkuu aweke simu chini asikilize. Lakini hesabu hiyo haiwezekani bila kupima mtiririko, na kwenye ofisi nyingi anayepima mtiririko na anayechota sampuli hawakutani. Hilo halihitaji bajeti mpya, linahitaji gari moja na siku moja.

Kuna pia sehemu ya viumbe. Tanzania tayari tuna TARISS, mfumo wa kuupa mto alama kwa kuangalia wadudu na viumbe wadogo wanaoishi chini kwenye mawe na tope. Mwenye masomo haya atauelewa upesi na ataelewa pia mipaka yake. Moduli ya maji ya ardhini niliipitia kwa haraka kwa sababu kazi yangu ni mito. Watu wa Arusha, Singida na kwingineko kwenye floraidi wataifaidi kuliko mimi.

Kwa waliomo serikalini, faida ya wazi ni kuelewa kiashiria 6.3.2 cha Malengo ya Maendeleo Endelevu, kinachopima ni sehemu gani ya mito, maziwa na maji ya ardhini ya nchi yenye ubora mzuri. Vipimo vya msingi kwa mito na maziwa vinaangalia oksijeni, chumvichumvi, pH, naitrojeni na fosforasi, na mto au ziwa linahesabiwa kuwa zuri pale ambapo angalau asilimia 80 ya vipimo vinafikia malengo yaliyowekwa. Malengo hayo kila nchi inajiwekea. Hapo ndipo pa kuchokonoa, kwa sababu lengo legelege huutangaza mto mchafu kuwa mzuri.

Sasa ya kawaida. Kiingereza cha kuandika ripoti lazima uwe nacho. Muda ni wa usiku na Jumamosi, na familia iambiwe mapema. Bando nililoliwekea bajeti halikutosha, na umeme ukikatika usiku wa kukabidhi kazi hakuna wa kumlaumu. Nikazoea kupakua masomo mwanzoni mwa wiki na kukabidhi kazi siku mbili kabla.

Kijana aliyemaliza shahada ya kwanza juzi na bado hajapata kazi, ningemshauri aanzie kwingine. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina shahada ya umahiri ya usimamizi shirikishi wa rasilimali za maji, na utakaa darasani na wenzako. Anayetaka kuingia ziwani na wavu mkononi aulize Chuo Kikuu cha Egerton, Kenya, kuhusu limnolojia, yaani elimu ya maziwa na mito.

Kwa wewe uliye kazini: kabla hujajaza fomu, muulize mkuu wako kwa maandishi kama utaruhusiwa kutumia takwimu za ofisi katika kazi zako za masomo. Ipate ruhusa hiyo kwanza, ndipo ulipe ada.