GIMP 3 na Batcher: Kutoa Picha Zote Zilizo Wazi kwa Mkupuo Mmoja

GIMP, programu ya bure ya kuhariri picha, haina amri ya kuhifadhi picha zote zilizo wazi, hata katika toleo la 3. Amri ya kufungua nyingi kwa pamoja ipo, ya kuzifunga zote ipo, lakini anayetaka kutoa JPEG arubaini alizokwisha kuzisafisha huziendea moja moja, kila moja na dirisha lake la kuuliza jina na ubora. Kwa studio ya Lamu au Malindi yenye picha za harusi, za nyumba za wageni za Shela na za menyu za mikahawa ya ufukweni, hilo ni pengo kubwa. Plagini (programu ndogo ya nyongeza) inayoliziba inaitwa Batcher. Ni ya bure kama GIMP yenyewe, na kwa maoni yangu ndiyo sababu ya kwanza ya duka dogo kuacha toleo la 2.10 la mwaka 2018 na kuhamia 3.0 lililotoka Machi 2025.

Kabla ya plagini, kuna jambo linalowakwaza wengi waliozoea programu nyingine. Tangu toleo la 2.8 la mwaka 2012, GIMP hutenganisha kuhifadhi (save) na kutoa (export). Ukibonyeza Ctrl+S unapata faili ya XCF, ya GIMP yenyewe, yenye leya zote (matabaka ya picha), ambayo simu ya mteja haiwezi kuifungua. JPEG, PNG na TIFF hutolewa kwa Ctrl+Shift+E, au kwa Ctrl+E ikiwa picha hiyo imeshatolewa mara moja. Ndiyo maana ukitoa JPEG zako zote kisha ufunge kila kitu kwa Ctrl+Shift+W, GIMP bado itakuonya kwamba kuna picha ambazo hazijahifadhiwa. Usishtuke. Soma orodha hiyo: picha iliyokwisha kutolewa huonyeshwa pamoja na mahali ilipotolewa, na isiyo na maelezo hayo ndiyo ya kurudia. Orodha hii ni ukaguzi mzuri kuliko kuhesabu faili kwenye folda.

Kuiweka Batcher si kazi ngumu, ila ina mtego mmoja. Fungua «Edit», kisha «Preferences», kisha «Folders», kisha «Plug-Ins». Hapo utaona njia ya folda inayohusika. Fungua zipu (faili iliyobanwa) ya Batcher ndani ya folda hiyo, halafu uzime GIMP na uiwashe tena. Mtego ni huu: GIMP 3 hutaka kila plagini ikae ndani ya folda yake yenye jina lilelile la faili kuu ya plagini. Zipu ikifunguliwa vibaya, ukapata folda ndani ya folda nyingine yenye jina tofauti, plagini haionekani kwenye menyu na hakuna ujumbe wowote wa kosa. Wengi huamua hapo kwamba imeharibika, kumbe imewekwa ngazi moja chini ya inapotakiwa. Anayetumia Linux ahakikishe pia kwamba faili kuu ina ruhusa ya kuendeshwa.

Ikiwa imekaa sawa, chini ya «File» utaona «Export Images». Amri hii huchukua picha zilizo wazi sasa hivi, si zilizo kwenye diski, na hapo ndipo inapotofautiana na «Batch Convert», ambayo ni ya faili usizozifungua. Dirisha lake linaonyesha orodha ya picha na kionjo (preview) cha matokeo. Unachagua folda ya kutolea, unaandika aina ya faili, unaweka mpangilio wa jina, unaongeza hatua za kufanywa kwa kila picha, unabonyeza kitufe cha kutoa. Inafanya kazi juu ya nakala, kwa hiyo picha zako zilizo wazi hubaki kama zilivyokuwa, kwa ukubwa wake wote. Hiyo ndiyo sifa ninayoithamini kuliko zote. Unaweza kutoa seti ya kuchapisha, ukabadilisha vipimo, ukatoa seti ya simu kutoka picha zilezile bila kufungua upya.

Kwa seti ya kuchapisha ya inchi 4 kwa 6, hesabu ni nukta 300 kwa inchi, yaani pikseli 1200 kwa 1800. Kwa 5 kwa 7 ni 1500 kwa 2100. Kamera nyingi za lenzi za kubadilisha hutoa uwiano wa 3 kwa 2, unaoingia sawasawa kwenye 4 kwa 6; picha za simu kwa kawaida ni 4 kwa 3, na hizo lazima zikatwe juu na chini au zibaki na ukingo mweupe. Usiiachie plagini iamue. Zile za simu zikate mwenyewe kabla ya kuzitoa, la sivyo kilemba cha bwana harusi kitaishia nje ya karatasi. Ubora wa JPEG wa 90 hadi 92 unatosha kuchapisha. Kwa simu na tovuti, upande mrefu wa pikseli 2048 na ubora wa 85 unafaa. Katika hatua ya kupunguza ukubwa, andika namba moja kwenye upana na urefu, kisha chagua picha iingie ndani ya vipimo bila kuvutwa. Hivyo picha za kusimama na za kulala zote hushughulikiwa kwa mkupuo uleule. Ukiacha chaguo la kuvuta, watu watatoka wanene au wembamba.

Hatua gani ziongezwe kwenye mkupuo? Ukubwa, ukali kidogo baada ya kupunguza, na nembo ya duka ikihitajika. Mwangaza na rangi, hapana. Picha iliyopigwa kwenye daka la nyumba ya mji wa kale wa Lamu, kivulini, na ile ya ukuta mweupe wenye jua la saa sita, zina mwanga usiofanana hata kidogo, na harusi moja ina zote mbili. Ukizipa hatua moja ya kung'arisha, daka litapendeza na kanzu nyeupe ya nje itapoteza mikunjo yote na kuwa doa jeupe. Rangi hurekebishwa picha kwa picha, au kwa mafungu ya mwanga unaofanana.

Kasoro inayoleta hasara kubwa ni majina yanayogongana. Harusi mara nyingi hupigwa na kamera mbili, na kamera za Nikon huandika DSC_0001, za Canon IMG_0001. Kamera mbili za kampuni moja zikitumika, kila moja ina DSC_0457 yake. Hata kamera moja hurudi 0001 baada ya 9999. Zikiwa kwenye folda mbili tofauti hazina shida, lakini ukizifungua zote na kuzitoa kwenye folda moja, ya pili inaweza kuifuta ya kwanza. Batcher ikikuta jina lililokwisha kuwepo hukuruhusu kuchagua: kubadilisha ya zamani, kuruka, au kuipa mpya jina jingine. Chagua jina jingine, daima. Bora zaidi, usitegemee jina la kamera: kwenye sehemu ya mpangilio wa jina andika jina la familia na tarehe, kisha [001] mwishoni ili iweke namba mfululizo. Usiweke nukta pacha (:) wala alama ya kuuliza kwenye jina. Linux huzikubali, lakini fleshi zilizoandaliwa kwa mfumo wa faili wa FAT32 au exFAT huzikataa, na utagundua mteja akiwa amesimama kaunta akisubiri kunakiliwa.

Jambo la pili ni kumbukumbu ya kompyuta. Picha ya megapikseli 24 ina pikseli 6000 kwa 4000. Kila pikseli ina rangi tatu za baiti moja moja, kwa hiyo picha moja wazi hula takriban MB 72, hata kama JPEG yake kwenye diski ni MB 8. Arubaini ni karibu GB 3, kabla ya leya za ziada na historia ya kurudisha nyuma. Ukifanya kazi kwa biti 16 kwa kila rangi, badala ya 8, zidisha kwa mbili. Kwenye laptopu ya GB 8 yenye Windows na kivinjari wazi, GIMP itaanza kumwaga kazi kwenye diski na kila kitu kitakuwa kizito; diski nayo ikijaa, utoaji hukatika katikati. Fungua kumi na tano kumi na tano, toa, funga, endelea na kundi jingine. Au uelekeze faili za muda za GIMP kwenye diski yenye nafasi, palepale kwenye «Folders».

Stima nayo ina la kusema. GIMP ina mfumo wa kuokoa kazi programu inapoanguka, lakini umeme ukikatika ghafla kwenye kompyuta ya mezani isiyo na betri ya akiba, mfumo huo haupati nafasi ya kufanya lolote. Picha arubaini zilizorekebishwa na kuachwa wazi bila kuhifadhiwa ni kazi ya siku nzima iliyo hewani. Zile zenye leya nyingi, kama picha ya familia iliyoondolewa nyaya za umeme nyuma au bango la mkahawa, zihifadhi kwa Ctrl+S unapozimaliza, moja moja. Alt+1, Alt+2 na kuendelea hukupeleka kutoka picha moja hadi nyingine bila panya. Batcher ni ya kutoa nakala za mteja. Usiifanye mlinzi wa kazi yako.

Nembo za hoteli zenye mandhari wazi zitoe kwa PNG. JPEG haijui uwazi, na GIMP itaujaza kwa rangi ya nyuma iliyochaguliwa wakati huo. Na ikiwa picha zilipigwa kwa wasifu wa rangi wa Adobe RGB, zibadilishe kuwa sRGB, ule wa kawaida wa skrini, kabla ya kutoa, maana kwenye skrini zisizosoma wasifu wa rangi bahari ya Watamu itaonekana imefifia. Picha za wageni zilizopigwa kwa simu huenda zimebeba mahali zilipopigwa ndani ya data ya Exif, maelezo ambayo kamera huyaandika ndani ya faili. Kwa zinazokwenda mtandaoni, zima kuhifadhi Exif kwenye mipangilio ya JPEG.

Je, anayelipia Photoshop ana haja ya haya? Hana. Nenda «File», «Scripts», «Image Processor», chagua «Use Open Images», chagua folda, weka ubora kati ya 0 na 12, andika vipimo, weka alama ya kubadilisha kuwa sRGB, endesha. Inaweza kutoa JPEG, PSD na TIFF kwa pamoja, kila aina kwenye folda yake, na inakuruhusu kuhifadhi mipangilio ili uipakie tena kesho. Ni rahisi kuliko Batcher na ina maswali machache. Skani mpya ambayo haijawahi kuhifadhiwa haina folda yake, kwa hiyo usichague kuhifadhi mahali palepale, ipe folda. Njia nyingine ya Photoshop, «Batch» ikiwa imewekwa «Opened Files», ina nguvu zaidi lakini ina mtego mbaya: ukiweka alama ya kupuuza amri za kuhifadhi zilizo ndani ya aksheni (mfululizo wa hatua uliorekodiwa), ilhali aksheni yenyewe haina amri ya kuhifadhi hata moja, picha zitapita zote na hakuna kitakachoandikwa kwenye folda. Rekodi hatua ya kuhifadhi ndani ya aksheni kwanza. Kinachoipunguzia alama Photoshop huku pwani ni malipo ya kila mwezi kwa dola na haja ya kuingia mtandaoni mara kwa mara kuthibitisha leseni.

Paint.net, ya Windows, ndiyo yenye amri halisi ya kuhifadhi zote, Ctrl+Alt+S, na ndiyo ninayoiogopa zaidi. Huandika juu ya faili zilezile ulizofungua. Ukifungua JPEG kutoka kadi ya kamera, ukazipunguza na kubonyeza amri hiyo, asili zimekwenda na hazirudi. Kila kuhifadhi JPEG upya pia hupoteza ubora kidogo. Inafaa kwa anayefungua nakala tu, kutoka folda iliyotengwa kwa kazi hiyo.

Na ikiwa picha hazihitaji kuguswa isipokuwa kupunguzwa, usizifungue kabisa. IrfanView ina ubadilishaji wa mafungu unaomaliza mamia kwenye mashine dhaifu, ila ni ya bure kwa matumizi binafsi. Duka linapaswa kununua leseni. ImageMagick, inayoendeshwa kwa kuandika amri, ni ya bure kwa wote, lakini amri yake ya mogrify huandika juu ya asili usipoiambia folda nyingine:

mogrify -path tayari -resize "2048x2048>" -quality 85 *.jpg

Folda ya «tayari» iundwe kabla. Alama ya > huzuia picha ndogo zisikuzwe, na alama za nukuu ni za lazima, la sivyo laini ya amri itadhani unataka kuandika faili.

Upande wa kumfikishia mteja: WhatsApp hubana picha upya, kwa hiyo seti ya kuchapisha itumwe kama waraka, si kama picha. Akija na fleshi ya zamani ya FAT32, usimpe harusi nzima kwenye zipu moja inayozidi GB 4, haitaingia. Igawe, au unakili folda yenyewe ilivyo.