Oili ipi ya kununua kwa pikipiki unayoihudumia mwenyewe nyumbani

Katika kazi zote ambazo mwenye pikipiki anaweza kuzifanya uani kwake bila kumwita fundi, kumwaga oili ndiyo inayojirudia mara nyingi zaidi na ndiyo inayohitaji vifaa vichache zaidi: spana moja, beseni, faneli na kitambaa. Kazi yenyewe haimshindi mtu. Kinachowashinda wengi ni rafu ya duka la spea, ambako chupa za lita moja zimepangwa kwa rangi zote, kila moja ikidai kuwa bora kuliko jirani yake, na muuzaji naye akiwa na sababu zake za kupendekeza aliyoipendekeza. Mwongozo huu unapanga machaguo hayo kwa ajili ya pikipiki zinazotumika zaidi katika barabara zetu, yaani zile za cc 100 hadi 150 kama Bajaj Boxer, TVS HLX, Honda CG125 na jamii kubwa ya pikipiki za Kichina zilizonakili injini ya CG. Kipimo kilichotumika ni kinga ambayo injini inaipata kwa kila shilingi na kila kilomita. Ubora wa oili ikiwa bado ndani ya chupa ni jambo jingine.

Kabla ya kupanga nafasi, ni lazima ifahamike kwa nini oili ya pikipiki ni bidhaa ya peke yake. Katika gari, gia zina oili yake na klachi kwa kawaida hukaa pakavu. Katika pikipiki nyingi, pistoni, gia na klachi zote huoga katika oili ile ile moja, ambayo ujazo wake ni takriban lita moja tu. Klachi hiyo hufanya kazi kwa pleti zake kushikana kwa msuguano zikiwa zimelowa, na kwa hiyo oili iliyotiwa kemikali za kupunguza msuguano ili gari litumie petroli kidogo huzifanya pleti ziteleze. Kwa sababu hiyo shirika la viwango vya magari la Japani, JASO, liliweka mwaka 1998 kiwango kiitwacho T 903, kinachozigawa oili za pikipiki za mipigo minne katika makundi. MA, pamoja na vigawanyo vyake MA1 na MA2 vilivyoongezwa mwaka 2006, ni oili zenye msuguano wa kutosha kwa klachi iliyolowa, na MA2 ndiyo yenye msuguano mkubwa zaidi. MB ina msuguano mdogo, nayo huzifaa skuta za mkanda ambazo klachi yake haigusani na oili ya injini. Alama hiyo huchapishwa nyuma ya chupa ndani ya kisanduku kidogo chenye namba ya usajili. Mnunuzi asiye na muda wa kusoma kitu kingine chochote kwenye chupa na asome hicho.

Namba kubwa za mbele ya chupa, kama 20W-50 au 10W-30, zinaeleza uzito, yaani mnato wa oili. Namba ya mwisho ndiyo inayotuhusu zaidi, kwa kuwa inatokana na kipimo cha oili ikiwa na joto la nyuzi 100 za Selsiasi, ambapo oili ya 30 huwa na mnato wa kati ya 9.3 na 12.5, ile ya 40 kati ya 12.5 na 16.3, na ile ya 50 kati ya 16.3 na 21.9, kwa kipimo cha sentistoki. Namba yenye herufi W hutokana na vipimo vinavyofanyika katika baridi iliyo chini ya sifuri, kwa hiyo mkazi wa Tanga au Mombasa hana sababu ya kulipia zaidi ili kuipunguza. Kitabu cha pikipiki ndicho chenye neno la mwisho kuhusu uzito. Honda, kwa mfano, huagiza 10W-30 kwa pikipiki zake nyingi ndogo, ilhali wamiliki wa Boxer wamezoea 20W-50, na si busara kuhamisha mazoea ya injini moja kwenda nyingine kwa sababu tu jirani amefanya hivyo.

Zipo pia herufi za API, taasisi ya petroli ya Marekani, ambazo hupanda kadiri miaka inavyosonga: SL ni ya mwaka 2001, SN ya 2010 na SP ya 2020. Muuzaji atakuambia kwamba SP ni bora kuliko SL, na kwa gari la kisasa anasema kweli. Kwa pikipiki, SL yenye alama ya JASO MA inaishinda SP isiyo na alama hiyo.

Nafasi ya kwanza: oili ya kawaida ya 4T (ya injini za mipigo minne), yenye JASO MA au MA2, katika chupa ya lita moja iliyofungwa kiwandani

Hii ni oili inayotokana na mafuta ghafi yaliyosafishwa bila kupitia utengenezaji wa kisintetiki, yaani wa kuiunda kwa kemia kiwandani, na kwa kawaida ndiyo ya bei nafuu miongoni mwa oili halali za pikipiki. Shell Advance AX5, Castrol Activ na Motul 3000 ni mifano ya kundi hili, na zipo nyingine nyingi zinazotimiza sharti lile lile.

Sababu ya kuiweka mbele ya oili za bei kubwa iko ndani ya injini yenyewe. CG125 na ndugu zake hawana chujio la karatasi la oili. Wana wavu wa chuma unaozuia vipande vikubwa, pamoja na kikombe kinachozunguka kwa kasi na kutupa uchafu mzito pembeni. Vumbi laini lililopenya chujio la hewa, masizi ya mwako, petroli inayovuja kupitia ringi na unga wa chuma unaotoka kwenye gia na pleti za klachi hubaki ndani ya lita ile moja, vikizunguka nayo. Uchafu wa namna hiyo hauondoki kwa oili kuwa ya hali ya juu. Unaondoka kwa kumwagwa tu. Zaidi ya hayo, meno ya gia hukatakata molekuli ndefu zinazoipa oili uwezo wa kubaki nzito wakati wa joto, hivyo chupa iliyoingia ikiwa 50 inaweza kutoka ikiwa imepungua uzito kabla hata haijaonekana chafu.

Tuchukue bodaboda anayetembea kilomita 100 kwa siku na kumwaga oili kila kilomita 2,000, yaani kila baada ya siku 20. Ikiwa oili ya sintetiki inauzwa mara mbili na nusu ya bei ya oili ya kawaida, basi ili gharama zilingane italazimika kukaa ndani ya injini kwa kilomita 5,000, ikibeba mzigo wote wa vumbi la barabara za mtaani kwa muda wa siku 50. Mimi nisingekubali mpango huo kwa injini isiyo na chujio la karatasi, hata kama chupa ingeahidi zaidi. Vitabu vya watengenezaji huweza kuruhusu umbali mrefu kuliko kilomita 2,000, lakini ratiba hizo haziwezi kumjua abiria wa tatu aliyepakiwa, magunia ya mkaa, wala foleni ambayo injini inaunguruma bila upepo wa kuipoza.

Nafasi ya pili: oili ya nusu sintetiki, hasa 10W-40 yenye MA2

Oili hii huvumilia joto vizuri zaidi na huiachia injini ukoko mdogo zaidi. Inamfaa anayepanda milima na mzigo kila siku, kama ilivyo kwa wasafirishaji wa Lushoto au Rungwe, na inazifaa zaidi pikipiki za cc 200 na kuendelea zenye chujio la karatasi linalobadilishwa. Mnunuzi ajue tu kwamba hakuna kiwango cha lazima kinachosema sehemu ya sintetiki iwe asilimia ngapi, kwa hiyo chupa mbili zenye maneno hayo hayo zinaweza kutofautiana sana kwa yaliyomo. Tofauti ya bei ikiwa ndogo, ichukue. Ikiwa ni kubwa, fedha hiyo itaisaidia injini zaidi kwa kununua chujio jipya la hewa.

Nafasi ya tatu: sintetiki kamili

Kwa ubora wa maabara, hii ingekuwa ya kwanza. Imeshuka hapa kwa sababu ya hesabu iliyokwisha kuelezwa, na mwenye pikipiki kubwa ya safari ndefu ana haki ya kuipandisha. Dai la vijiweni kwamba sintetiki huharibu klachi si sahihi, kwani kinachoiteleza klachi ni kemikali za kupunguza msuguano, ambazo hazimo katika sintetiki yenye alama ya MA2.

Nafasi ya nne: oili ya injini za dizeli, 15W-40

Wapo madereva wengi, hasa wanaoishi na malori, wanaochota oili hii kutoka kwenye dumu la lita tano na kuiweka kwenye pikipiki bila kuona tatizo. Hawakosi sababu. Oili nyingi za namna hii hazina kemikali za kupunguza msuguano, zimetengenezwa kustahimili masizi, na chache kati yake zimepimwa na kupewa alama ya JASO MA. Lakini nyingi hazijapimwa, na viambato vyake vya kusafishia vinaweza kuzidisha majivu kupita kiwango cha asilimia 1.2 ambacho JASO huruhusu kwa pikipiki, nayo majivu hayo hujijenga juu ya pistoni na kwenye valvu. Itumie kuongezea ukiwa umekwama mahali pasipo na duka la spea, kisha uimwage mapema.

Nafasi ya tano: oili ya gari la petroli

Hapa tatizo liko kwenye zile nyepesi, 0W-20 na 5W-30, ambazo huandikwa Energy Conserving au Resource Conserving katika duara la API. Honda huzikataza oili zenye maneno hayo katika vitabu vyake. Pikipiki iliyowekewa oili hiyo huweza kwenda vizuri tambarare kwa siku kadhaa, lakini ikifika kwenye mlima kama Kitonga ikiwa na mzigo, injini hulia kwa nguvu na mwendo hauongezeki, kwa sababu pleti za klachi zinateleza. Ukiwahi, kumwaga na kuweka oili sahihi huweza kurudisha hali. Ukichelewa, pleti zimeungua na utanunua mpya. Chupa za kuongezea zinazouzwa kama dawa ya kulainisha injini nazo ziwekwe katika kundi hili.

Nafasi ya mwisho: oili ya kupima

Oili inayopimwa kwa kopo kutoka kwenye pipa haina jina, haina namba ya toleo, na hakuna njia ya kujua kama ni mpya au ni oili chafu iliyochujwa na kuongezwa rangi. Sina ushauri kuhusu namna ya kuichagua.

Chupa yenye jina kubwa nayo yahitaji kukaguliwa, maana jina hilo ndilo linaloigwa. Pete ya kifuniko iwe haijakatika, karatasi ya fedha iliyo chini ya kifuniko, kwa chapa zinazoiweka, iwe imeshika pande zote, na namba ya toleo iwe imechapishwa kwenye chupa yenyewe na si kwenye karatasi ya kubandika peke yake. Chupa tupu uliyomaliza uikate kwa kisu kabla ya kuitupa, kwa kuwa chupa nzima ina soko kwa wanaojaza upya. Angalia pia kwamba imeandikwa 4T. Oili ya 2T ni ya kuchanganywa na petroli katika injini za mipigo miwili, kama Yamaha AG100 ambayo mabwana shamba wengi waliitumia, na haifai kabisa kuwekwa kwenye Boxer.

Pamoja na oili, nunua washa mpya ya nati ya kumwagia. Ni kitu cha bei ndogo, na wengi huikwepa kwa kuikaza nati ya zamani kwa nguvu zote hadi hesi za bloku zinakufa. Pasha injini dakika chache, mwaga ikiwa bado ya moto, kisha weka oili mpya kwa kupima kijiti huku pikipiki ikiwa imesimama wima kwenye stendi ya kati, kwani oili iliyozidi hutapikwa kupitia mpira wa pumzi hadi kwenye chujio la hewa.

Itazame iliyotoka kabla ya kuipeleka kwa fundi mwenye pipa la oili chafu. Weusi peke yake si kasoro, kwa sababu oili inayosafisha lazima ichafuke. Vipande vya chuma vinavyoonekana kwa macho ni habari mbaya. Rangi ya chai ya maziwa maana yake ni kwamba maji yameingia, jambo linalowapata waliolazimisha kupita Jangwani, Dar es Salaam, wakati mto Msimbazi umefurika, na hapo itabidi uweke oili ya bei nafuu yenye MA, uendeshe umbali mfupi, uimwage, na kurudia hadi inayotoka iwe safi, ndipo ufungue chupa uliyokusudia kukaa nayo.