Kwa Mpemba, Nzuguni: mlenda mzuri, perege wa Mtera, na suala la nani anahudumiwa kwanza

Kibao cha nje kimeandikwa CHAKULA TAYARI, basi, jina lingine hakuna. Mtaani tunapaita kwa Mpemba, ingawa mwenyewe ni mtu wa Tanga mjini na Pemba hajawahi kukanyaga. Hapa kwetu anayepika kwa nazi na kuvaa kofia ya kiua ni Mpemba tu, na yeye ameshachoka kusahihisha. Mgahawa uko Nzuguni, hapa Dodoma, ukitokea stendi kuu ya mabasi na Soko la Ndugai unaingia ndani kidogo, barabara ya vumbi. Mwambie bodaboda akupeleke kwa Mpemba wa mlenda, hatauliza tena.

Ndiyo, mlenda, ile mboga yetu ya kuteleza. Naanza na huo maana ndio ulionipeleka.

Mimi ni fundi cherehani, Mgogo wa hapa hapa, na mlenda nimelishwa kabla sijaota meno. Sikuwa na sababu ya kwenda kuununua hotelini. Walionichokoza ni wateja wangu, hawa watumishi wa wizara wanaoniletea vitenge vya kuvaa Ijumaa. Mama mmoja wa Dar, nikiwa nampima mabega, akaniambia kuna Mpemba anapika mlenda hajawahi kuona. Nilimwangalia tu. Hawa ndio waliokuja na mizigo yao kuanzia ule mwaka 2016 serikali ilipohamia Dodoma, wakifunga pua na khanga kwa sababu ya vumbi, wakiulizana kwa sauti kama huku kuna mboga nyingine zaidi ya mlenda. Leo mlenda wanatufundisha sisi.

Bei: ugali wa uwele na bakuli la mlenda ni 2,500. Marehemu mama yangu angecheka mpaka akae chini. Lakini nimekula, na sina budi kusema ni mlenda wa kweli. Si ule wa bamia tupu na maji mengi wanaotengeneza migahawa ya mjini ili mgeni apige picha. Huu ni wa majani makavu yaliyotwangwa, umetiwa magadi kidogo, nyanya, na karanga iliyosagwa ikasagika. Jikoni kwake kuko wazi, unaona kila kitu. Upande mmoja kuna majiko ya mkaa, ndiko wanakokuna nazi na kukaanga samaki. Upande wa pili kuna mafiga matatu na kuni, na hapo anakaa bibi mmoja kutoka pande za Hombolo. Maji yakichemka anamimina unga wa mlenda kidogo kidogo kwa mkono wa kushoto, kulia ana upekecho anauzungusha. Hamwangalii mtu. Ukimsalimia wakati huo anaitikia kwa kichwa tu, na ana haki.

Kinachochekesha ni ulaji. Mlenda una namna yake: unachota kwa tonge, unazungusha mkono, unakata uzi kwenye ukingo wa bakuli, ndipo unapeleka mdomoni. Vijana wa ofisini wenye mashati meupe walikuwa wanavuta uzi kutoka bakulini mpaka kwenye tai. Sasa Mpemba anawawekea kitaulo cha kufunga shingoni, na bibi akimwona mtu ana shida anamwita binti akamwonyeshe.

Nilimuuliza bibi analipwaje, maana nilikuwa nimejiandaa kukasirika kwa niaba yake. Kumbe si mwajiriwa. Mlenda, uwele na kuni ni vyake. Moto ameuwasha kwenye banda la Mpemba, na fedha ya kila sahani wanagawana nusu kwa nusu. Alianza kwa kuja kumuuzia mboga za majani asubuhi, akaona wateja wanaulizia mlenda na mwenye mgahawa hajui hata unaanzia wapi. Akamwambia, “Baba, wewe nipe kona, hayo mengine niachie.”

Sasa samaki. Hapa Mpemba yuko nyumbani kwake. Perege wanatoka bwawa la Mtera, na siku walizoletwa wabichi unajua tangu mlangoni. Anawakaanga mpaka ngozi ilie, kisha anawaacha dakika chache kwenye tui zito lenye ndimu na pilipili mbuzi. Wali ni wa mchele wa Bahi, amekataa ule wa Mbeya ambao kila mtu anausifia, anasema wa Bahi unakunywa tui vizuri zaidi. Sahani nzima 5,000, na kwa samaki mwenye ukubwa ule sioni kosa. Siku samaki hawajaletwa atakupa wa kwenye friza, nao ni wa kawaida tu. Uliza kabla hujakaa, hatadanganya. Chapati zina mafuta mengi mno. Chai ya tangawizi nzuri. Urojo usiagize, hata yeye ameniambia alikuwa anajaribu tu kwa sababu watu walimng'ang'aniza kwamba Mpemba lazima awe nao.

Niseme na lililoniudhi. Mara ya kwanza niliingia saa saba kasoro, nikakaa, hakuna aliyekuja. Wakaingia wanne wenye vitambulisho shingoni, wakapewa meza iliyo chini ya feni, maji ya kunawa yakaja, menyu ikasemwa kwa tabasamu. Nikaendelea kukaa. Akaingia mwingine peke yake, kitambulisho shingoni, akahudumiwa. Mimi nilikuwa na kitenge changu na tepu ya kupimia shingoni, labda wangeiona kama kitambulisho wangeniletea hata soda. Na binti aliyekuwa ananipita ni Mgogo mwenzangu, mtoto wa watu ninaowafahamu! Hakuambiwa na mtu afanye vile. Macho yake yalikuwa yameshajifunza nani ana haraka na nani anaweza kusubiri.

Nilimwita mwenye mgahawa nikamweleza. Hakupandisha sauti. Akasema, “Shangazi, nisamehe. Hawa wana saa moja tu ya mapumziko, wewe ofisi ni yako.” Nikamjibu kwamba cherehani nayo ina saa zake, na huyo mwenye saa moja suruali yake iko kwangu inasubiri zipu. Akacheka. Baadaye akaanzisha vipande vya boksi vyenye namba, unachukua ukiingia, unaitwa kwa zamu. Vinafanya kazi vizuri siku za kawaida. Ikiegeshwa V8, yale magari makubwa ya wakubwa, hapo nje, namba zinasahaulika. Hilo bado, na kwa hilo namkata maksi.

Niwaeleze kidogo kwa nini mgahawa wa ugali na samaki unanichukua maneno yote haya. Pale ulipo palikuwa shamba la uwele. Sisemi zamani za Wajerumani, nasema mimi nikiwa na akili zangu. Baba yangu alikuwa akisikia tangu 1973, TANU ilipoamua makao makuu yaje Dodoma, kwamba serikali iko njiani. Kila mwaka iko njiani. Tulizoea kuisubiri kama mtu anavyosubiri mvua ya Novemba, huku tukijua ya kweli inaanza Desemba. Halafu Julai 2016 Rais Magufuli akatangaza, Septemba hiyo hiyo Waziri Mkuu Majaliwa akahamia, wizara zikafuata, na Aprili 26, 2018 tukaambiwa sisi ni jiji. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 410,956 katika iliyokuwa manispaa. Ya 2022 ikahesabu 765,179. Ukitaka kuziona hizo laki tatu na nusu, kaa kwa Mpemba saa saba mchana.

Wako wa wizara. Wako mafundi ujenzi wa Singida wanaokula haraka na kuondoka na mfuko wa ugali mkavu. Wako wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma, UDOM, wanaogawana sahani moja wawili. Yupo Mchaga mwenye duka la nondo na saruji, anakula huku anapokea simu tatu. Kipindi cha ujenzi wa reli waliwahi kuja na Waturuki, wakawa wanataka mkate na samaki, ugali hawautaki kabisa. Na wako wenyeji, wachache zaidi kuliko ninavyopenda, wengi wao wakiwa upande wa kuosha vyombo. Hilo nalo linasemwa sana mtaani: keshia ni mpwa wake wa Tanga, mpishi wa wali ni shemeji yake wa Muheza, sahani zinaoshwa na mabinti zetu. Ni kweli. Nikimwambia hilo jirani yangu mwenye nyumba ya vigae na ukuta mrefu, ananiambia kila mtu huanza na ndugu zake. Ni kweli pia, lakini ndugu zake yeye ndio wenye mtaji.

Wenyeji tuna malalamiko mengine, na mengi yana msingi. Watu waliuza viwanja mapema kwa bei ya mbuzi kadhaa, wakaja kuona kiwanja hicho hicho kinauzwa kwa mamilioni. Kijana anayepanga chumba sasa anashindana na mtu mwenye mshahara wa serikali. Lakini na sisi tusijitie usahaulifu. Cherehani yangu ya pili nimeinunua kwa fedha ya sare na vitenge vya hao hao wageni. Na suala la kuhamishwa hatukuanza kulisikia kwao: bibi yangu mzaa baba alihamishwa na Operesheni Dodoma mwanzoni mwa miaka ya 70, akapelekwa kijiji cha ujamaa akiwa na mtungi na ngozi ya kulalia. Hakuna aliyemuuliza anapendaje kijiji kipya.

Siku moja kijana wa shati jeupe alisema pale mezani, kwa nia njema tu nadhani, kwamba huku kabla hawajaja wao hakukuwa na kitu. Mzee mmoja aliyekuwa anakunywa chai pembeni akamwambia, “Mjukuu wangu, wenzako wa misafara ya pembe za ndovu kutoka Bagamoyo walipita hapa wakilipa hongo ya njia kwa watemi wetu ndipo wachote maji. Wewe umenawa bure.” Meza nzima ikacheka, kijana naye akacheka, akamlipia mzee chai. Wanaolipwa siku hizi ni madalali, lakini tuache.

Kilichombadilishia Mpemba sura hapa mtaani ni msiba, wala si samaki. Kwetu mgeni humjui kwa salamu, ingawa yeye “Mbukwenyi” anaisema, tena kwa lafudhi ya Tanga inayofanya watoto wamfuate nyuma. Wageni wengi wanajenga ukuta, wanaweka geti, msiba unatokea nyumba ya tatu nao wanapita na gari wamepandisha vioo. Mwenyekiti wa mtaa hawajui hata jina. Alipofariki mzee wa nyumba inayotazamana na mgahawa, Mpemba alifunga biashara siku ya mazishi, akavuka barabara na masufuria yake makubwa, mchele, mafuta na wapishi wake wote. Yeye mwenyewe alikaa kwenye mkeka na wanaume mpaka matanga yanaondolewa. Tangu hapo hata wanaomsema wanamsema kwa sauti ya chini.

Sasa ya vitendo. Usiende wakati wa Bunge la bajeti, Aprili hadi Juni, mchana. Mji mzima unajaa, gesti hazina nafasi, na pale kwa Mpemba utasimama na kipande chako cha boksi mpaka miguu iote mizizi. Bei hapandishi kipindi hicho, nimpe sifa yake, ila kipande cha samaki kinapungua kimyakimya. Miezi mingine fika kabla ya saa sita na nusu. Malipo taslimu au kwa simu, vyote anapokea. Choo kipo, kisafi, lakini mlango haufungi vizuri, nenda na mwenzako akushikie. Televisheni iko juu sana kwa sauti. Ukimwomba apunguze anapunguza, akigeuka mpwa wake anaongeza.

Kwa chakula nampa nne kati ya tano. Kwa huduma mbili na nusu, na hiyo nusu ni ya namba za boksi. Ukiwa na mtoto mdogo kaa upande wa mafiga, bibi atamwonjesha karanga. Mlenda ukiisha umeisha, kwa kawaida saa nane hakuna, na hata uje na V8 bibi hawashi moto upya. Jumapili hawafungui.