Uzoefu wangu: kukokotoa presesheni na nutesheni kwa maktaba ya ERFA

Ninaitumia ERFA, maktaba ya programu za hesabu za astronomia, kupitia lugha ya programu ya Python, katika kifurushi kiitwacho pyerfa, kuandaa nafasi za nyota kwa ajili ya darubini, na kwa kazi hiyo sijapata zana ninayoiamini kuliko hii. Haina dirisha wala picha ya anga: unaipa tarehe, nayo inakurudishia pembe au matriksi (jedwali la namba la kugeuzia nafasi). Hesabu zake zimetokana na SOFA, mkusanyo rasmi wa programu wa Umoja wa Kimataifa wa Astronomia (IAU), na inapatikana bila malipo.

Jua na Mwezi huuvuta uvimbe wa Dunia ulio kwenye ikweta, hivyo mhimili wake huyumba kama pia na kukamilisha duara kwa takriban miaka 26,000; hiyo ndiyo presesheni. Kwa mwendo huo wa sekunde 50.3 za pembe kwa mwaka, nyota iliyoorodheshwa kwa J2000.0 (tarehe ya rejea, adhuhuri ya 1 Januari 2000) ilikuwa imesogea dakika 21 hivi za pembe kufikia 2025, yaani theluthi mbili za upana wa Mwezi mpevu. Juu yake kuna nutesheni, mtikisiko ambao sehemu yake kubwa hujirudia kila miaka 18.6 na kufikia sekunde 17.2 za pembe katika longitudo.

Ninachokithamini zaidi ni kwamba ERFA haifichi modeli inayotumia. Funksheni ya pnm06a huunganisha presesheni ya IAU 2006 na nutesheni ya IAU 2000A, yenye vipengele 1,365, ilhali nut00b hutosheka na vipengele 77 na bado hukaribia matokeo hayo kwa takriban milisekunde moja ya pembe kati ya 1995 na 2050. Kwa darubini ya kawaida, nut00b inatosha kabisa. Nilipoiuliza nut06a kuhusu J2000.0 na kugeuza radiani, nilipata kiasi cha −13.9 katika longitudo na −5.8 katika mwinamo wa mhimili, kwa sekunde za pembe.

Anayeanza asome maelezo ya kila funksheni kwa makini, kwa kuwa majina ni mafupi mno na tarehe ya Julian (hesabu ya siku mfululizo inayotumiwa na wanaastronomia) huingizwa kwa vipande viwili ili usahihi usipotee. Muda unaotakiwa hapa ni TT, muda sawia unaotegemea saa za atomiki. Ukiuchanganya na UT1, muda unaofuata Dunia inavyojizungusha, presesheni haitaathirika kwa kiasi cha kuonekana, lakini katika hesabu ya Dunia kujizungusha, tofauti hiyo ya sekunde 69 hivi huigeuza anga nzima kwa dakika 17 za pembe.

Kwa tarehe za kale sana, kama enzi ambayo nyota Thuban ilikuwa karibu na ncha ya kaskazini ya anga, mimi huacha pnm06a na kutumia ltp, iliyotengenezwa kwa vipindi virefu vya hadi miaka 200,000 kabla na baada ya J2000.0.